Magoti Yamesagika: Mazoezi, Kupunguza Mwili, Dawa au Kisu?

Shangazi yangu wa Tanga alipoacha kusujudu ndipo tulipojua kuwa lile goti si la mchezo. Kwa miaka miwili alikuwa akitwambia "uzee tu huu, mwanangu," huku akijikanda kwa mafuta ya nazi kila usiku. Ijumaa moja tukamkuta anaswali juu ya kiti cha plastiki, mswala umekunjwa pembeni.

Kuanzia siku hiyo kila mtu nyumbani akawa daktari. Kaka alitaka apelekwe akachomwe sindano. Binti yake akaleta chupa ya vidonge vya "kurudisha ute" kutoka kwa jirani anayeviuza. Hospitali, daktari wa kwanza aligusia upasuaji, wa pili akamwambia apunguze mwili, na mtaalamu wa fiziotherapia akamsogezea kiti na kumtaka asimame na kukaa mara 10. "Nimekuja na goti bovu, mnanipa kiti?" aliuliza, na hasira ilikuwa ya kweli.

Ukiacha ile chupa, hakuna aliyemdanganya. Kila mmoja alitaja njia inayotumika duniani kote. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeziweka mbele yake pamoja akaziona kwa jicho moja, na ndicho ninachojaribu hapa.

Kwanza tujue tunazungumzia nini

Madaktari huuita ugonjwa huu osteoathraitisi. Mtaani ni kusagika kwa magoti, na wengi huuchanganya na baridi yabisi. Mwisho wa mfupa, pale unapokutana na mwenzake, umefunikwa na gegedu, tabaka laini linalofanya mifupa iteleze bila kukwaruzana. Gegedu hilo likichakaa, mfupa chini yake hubadilika, misuli hudhoofu, na goti huuma hasa unapolitumia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa na ugonjwa huu, milioni 365 kati yao kwenye goti. Asilimia 60 ya wagonjwa ni wanawake.

Kuhusu ule usemi wa "ute umekauka": goti lililosagika na kuvimba mara nyingi lina maji mengi kuliko goti zima, ila ni mepesi, hayatelezeshi vizuri kama zamani. Ukimsikia mtu anauza chupa ya kuongeza ute, kumbuka hilo.

Hakikisha pia ni ugonjwa wenyewe. Goti la mtu aliyevuka miaka 45, linalouma akitembea na kupoa akipumzika, na ambalo asubuhi likikakamaa hulainika ndani ya nusu saa, kwa kawaida linatosha kutambuliwa bila hata eksirei. Lakini goti lenye joto, jekundu, lililovimba ghafla, au linaloambatana na homa si la kusubiri. Hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Na ukakamavu wa asubuhi unaodumu saa nzima au zaidi, hasa kwenye vidole vya mikono yote miwili, ni dalili ya ugonjwa mwingine wenye dawa zake.

Maswali ya kupimia

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale: inafanya kazi gani kwenye goti, nafuu inakuja baada ya muda gani na inadumu vipi, gharama yake ni ipi (fedha, nauli, siku za kazi), hatari yake ni ipi, na inamfaa nani. Juu ya hayo kuna swali ambalo hospitali hawakuulizi sana na ambalo kwetu huamua mengi: unataka goti likufanyie nini? Anayechuchumaa chooni, anayesujudu mara tano kwa siku, anayerukia daladala na anayelima kwa jembe la mkono hawahitaji goti la aina moja.

Njia ya kwanza: mazoezi tiba

*Kazi yake.* Msuli wa mbele ya paja kwa goti ni kama shokapu kwa gari. Ukilegea, kila hatua inagonga mfupa. Tena gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute unaoingia na kutoka kila goti linapobanwa na kuachiwa, mithili ya sifongo. Ndiyo maana "pumzisha goti" ni ushauri mzuri kwa siku mbili tatu za maumivu makali, na ushauri mbaya kwa miezi sita.

Mfano mmoja ulioenea sana ulianzia Denmark mwaka 2013, chini ya Ewa Roos na Søren Skou wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa Denmark. Mpango wao, GLA:D, ni vipindi viwili vya kumwelimisha mgonjwa, kisha vipindi 12 vya mazoezi yanayosimamiwa, mara mbili kwa wiki. Umeshafika Kanada, Australia, Uchina na kwingineko. Kinachonivutia ni jinsi vifaa vyake visivyo vya kutisha: kiti, ngazi fupi, mpira wa kuvuta, mkeka. Mengi ya hayo yapo nyumbani.

*Muda.* Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 6 na ya 12, na wiki za mwanzo goti linaweza kuuma zaidi. Wataalamu hutumia kipimo cha 0 hadi 10: maumivu yasiyozidi 5 wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho yake yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakizidi hapo, punguza idadi, usiache. Ukiacha kabisa, faida nayo huondoka taratibu.

*Gharama.* Fedha kidogo, uvumilivu mwingi. Nauli ya kwenda kliniki mara mbili kwa wiki si mzaha kwa mtu wa Korogwe au Lushoto, kwa hiyo dai mapema uandikiwe mazoezi ya nyumbani na uoneshwe namna ya kuyaongeza ugumu kadiri unavyopata nguvu. Kupewa zoezi lilelile la mwezi wa kwanza mwaka mzima ni kupotezewa muda.

*Hatari.* Ndogo kuliko njia zote hapa. Mwenye maradhi ya moyo au kizunguzungu aseme kwanza kwa daktari.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mwenye ugonjwa huu, hata ambaye baadaye atafanyiwa upasuaji. Inamkalia vibaya mtu anayeumia kiasi cha kutopata usingizi. Huyo anahitaji kitu cha kumtuliza kwanza ndipo aweze hata kuanza.

Njia ya pili: kupunguza mwili

*Kazi yake.* Utafiti uliofanyika Marekani kwa wazee wenye uzito uliozidi na magoti yaliyosagika ulipima mzigo unaopita kwenye goti, ukaona kwamba kila kilo 1 inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 kwa kila hatua. Kapige hesabu ya hatua zako kutoka nyumbani hadi sokoni. Mafuta mwilini pia hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, ndiyo maana wanene huugua zaidi hata kwenye vidole vya mikono, ambavyo havibebi mwili.

*Muda.* Miezi. Katika jaribio jingine la Marekani lililotangazwa mwaka 2013, watu 454 walifuatiliwa kwa miezi 18. Waliounganisha lishe na mazoezi walipungua wastani wa kilo 10 na ushei, na maumivu yao yalipungua kuliko ya waliofanya lishe peke yake au mazoezi peke yake.

*Gharama.* Unaweza kutumia pungufu ya unavyotumia sasa: soda, maandazi ya asubuhi, chipsi za usiku, vijiko vitatu vya sukari kwenye kila kikombe cha chai. Gharama kubwa ni ya heshima. Kwetu mama mnene "amenawiri", na akipungua kilo nane majirani wanaanza kunong'ona kuwa ana sukari au ana lile lingine. Shangazi alifika mahali akawa anawatangazia watu sababu kabla hawajauliza. Tena mara nyingi mpishi si mgonjwa. Sufuria ya nyumba isipobadilika, ushauri wa daktari unaishia mlangoni.

Zipo pia sindano mpya za kupunguza uzito. Semaglutide ilijaribiwa kwa watu wanene wenye magoti yaliyosagika, na matokeo yaliyotoka mwaka 2024 yalionesha uzito kupungua kwa karibu asilimia 14 na maumivu kushuka kuliko kwa waliopewa sindano isiyo na dawa. Bei yake bado iko mbali na mifuko ya wengi wetu.

*Hatari.* Kujinyima ovyo huondoa misuli pamoja na mafuta, na tumeshaona misuli ndiyo shokapu. Usipunguze maharage, dagaa na mayai. Punguza kilima cha ugali na vitu vya sukari. Mwenye kisukari anayetumia dawa asibadili mlo bila kumwambia daktari, maana sukari inaweza kushuka ghafla.

*Inamfaa nani.* Mwenye uzito uliozidi. Mwembamba aliyesagika goti kwa sababu ya jeraha la zamani au kazi ya kubeba mizigo hana cha kutafuta hapa, na kumsukuma apungue ni kumdhoofisha.

Njia ya tatu: dawa za maumivu na sindano za goti

*Kazi yake.* Kutuliza. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kurudisha gegedu lililokwisha. Kusema hivyo hakuzidharau dawa: mtu akitulizwa anaweza kulala, kutembea na kufanya mazoezi.

Hizi zenyewe zina ngazi. Jeli ya kupaka yenye diklofenaki ni ya kwanza kwa goti, kwa kuwa goti liko karibu na ngozi na dawa kidogo sana huingia kwenye damu. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2022 inaiweka mbele ya vidonge, na inashauri panadol isipewe kama dawa ya kawaida ya ugonjwa huu, kwa sababu msaada wake ni mdogo. Kisha huja vidonge kama ibuprofeni na diklofenaki, vyenye nguvu zaidi. Mwisho ni sindano ya steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, ndani ya goti.

*Muda.* Hapa dawa hazina mpinzani. Vidonge hutuliza siku hiyohiyo, sindano ndani ya siku chache. Lakini nafuu ya sindano huwa ya wiki 2 hadi 10, kisha goti hurudi lilipokuwa. Jaribio la mwaka 2020 huko Marekani liliwalinganisha watu 156, nusu wakichomwa sindano na nusu wakifanyiwa fiziotherapia; baada ya mwaka mmoja, wa fiziotherapia ndio waliokuwa na maumivu madogo zaidi.

*Gharama.* Ndogo ukinunua leo, kubwa ukijumlisha mwaka. Piga hesabu ya vidonge vya kila wiki kutoka duka la dawa kwa miezi 12, uone.

*Hatari.* Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia kimyakimya. Vidonge vya kundi la diklofenaki vikinywewa miezi na miezi vinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kutokwa damu ndani, kupandisha presha, kuharibu figo na kuongeza uwezekano wa shambulio la moyo. Na nani hasa mwenye magoti mabovu? Mtu mzima, mara nyingi mwenye presha au sukari, anayemeza tayari dawa zake nyingine. Duka la dawa halimuulizi. Sindano ya steroidi nayo ikirudiwa kila mara ina bei yake: utafiti wa mwaka 2017 uliowachoma wagonjwa kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2 ulikuta gegedu lao limepungua zaidi, na maumivu hayakutofautiana na ya waliochomwa maji ya chumvi.

*Inamfaa nani.* Aliye kwenye kipindi kikali, aliye na safari au msiba, au anayehitaji upenyo wa kuanza mazoezi. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au moyo abaki kwenye jeli ya kupaka hadi daktari aseme vingine.

Na ile chupa ya jirani? Glukosamini, inayouzwa kama ya kurudisha ute, na nduguze zimejaribiwa mara nyingi, na miongozo hiyohiyo ya Uingereza inashauri zisitolewe. Hazina madhara makubwa kwa wengi, zinakula pesa tu. Kinachotisha ni "dawa za asili" zinazoondoa maumivu kwa siku moja. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vidonge vya Artri King vilivyouzwa kama vya mimea. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, steroidi yenye nguvu, ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Mti wa porini ukifanya kazi haraka kama sindano, shuku kilichochanganywa.

Njia ya nne: kubadilisha goti

*Kazi yake.* Daktari hukata nyuso zilizochakaa za mfupa na kuweka za chuma na plastiki ngumu. Kwa goti lililokwisha kabisa hakuna njia inayoondoa maumivu kama hii. Hapa kwetu hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na hospitali nyingine kubwa. Kenya hufanyika Hospitali ya PCEA Kikuyu na Nairobi. Usiuchanganye upasuaji huu na kuoshwa goti kwa kamera, yaani kutobolewa goti na kusafishwa ndani. Jaribio la Texas lililotangazwa mwaka 2002 liliwafanyia baadhi ya wagonjwa upasuaji wa uongo, ngozi ikachanwa tu, nao wakapona sawasawa na waliooshwa kweli.

*Muda.* Husimamishwa siku hiyo au inayofuata, wiki 6 ngumu za magongo na mazoezi yanayouma, miezi 3 kurudi kwenye shughuli, na goti huendelea kuimarika hadi mwaka. Kumbukumbu za wagonjwa wa nchi zilizotunza takwimu muda mrefu zinaonesha takriban magoti 82 kati ya 100 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25.

*Gharama.* Mamilioni ya shilingi za Tanzania. Uliza bima yako kwa maandishi inalipia nini, hasa kifaa chenyewe, na usisahau bei ya fiziotherapia ya baadaye pamoja na mtu wa kukaa nawe nyumbani.

*Hatari.* Maambukizi si ya kawaida, lakini yakiingia ni msiba wa upasuaji wa pili na wa tatu. Damu inaweza kuganda mguuni. Na katika kila wagonjwa 100, kati ya 10 na 20 hubaki na maumivu. Jaribio la Denmark la mwaka 2015 liliwagawa wagonjwa 100 waliokwisha kufaa kwa upasuaji: nusu wakapasuliwa kisha wakafanya mazoezi, nusu wakapewa mazoezi, lishe na dawa tu. Baada ya mwaka, 85 kati ya kila 100 waliopasuliwa walikuwa na nafuu ya maana, na 67 kati ya kila 100 wasiopasuliwa nao pia. Matatizo makubwa yalikuwa mengi zaidi kwa waliopasuliwa. Unaweza kuyasoma matokeo hayo kwa pande zote mbili, na zote mbili ni kweli.

Jambo moja watu wetu huligundua wakiwa wamechelewa: goti la bandia kwa kawaida hukunja hadi nyuzi 110 au 120. Kuchuchumaa kikamilifu kunahitaji zaidi ya hapo. Kupiga magoti hakukatazwi, lakini wengi hawakuwezi kwa raha. Kama nyumbani kuna choo cha shimo, fundi wa choo anatangulia daktari.

*Inamfaa nani.* Anayeumia hata usiku, aliyekwishajaribu njia nyingine kwa dhati angalau miezi 3, na ambaye maisha yamefungika. Aliye chini ya miaka 55 afikirie mara mbili, maana huenda akahitaji kubadilishiwa tena akiwa mzee.

Kulingana na hali yako

Kama goti limeanza kuuma mwaka huu na bado unapanda ngazi, huhitaji sindano wala kisu. Anza mazoezi, weka jeli karibu kwa siku mbaya, na kama mwili umezidi, weka lengo dogo: mtu wa kilo 90 akishuka hadi 85 ataanza kusikia tofauti.

Kama ni mkulima na msimu umefika, tuliza kwanza, kisha badili namna ya kufanya kazi. Jembe lenye mpini mrefu na kupalilia ukiwa umekaa kwenye kigoda kirefu vinaokoa goti kuliko vidonge vya msimu mzima. Fimbo nayo ina kanuni: ishike mkono wa upande wa goti zima.

Kama una presha, sukari au figo, mpangilio wako unabadilika. Vidonge vinashuka hadi mwisho wa orodha, na pengine upasuaji unakuwa salama kwako kuliko miaka mitano ya diklofenaki. Hilo zungumza na daktari anayejua dawa zako zote, ukiwa umezibeba kwenye mfuko.

Kama goti limepinda na huwezi kufika msikitini au sokoni, usijifiche nyuma ya mazoezi kwa kuogopa hospitali. Fanya mazoezi ukisubiri foleni. Anayeingia chumba cha upasuaji na paja lenye nguvu huamka vizuri zaidi.

Kama wewe ni kijana wa mpira wa mchangani na goti liliwahi kuteguka, makala hii inakuhusu kuliko unavyodhani. Karibu nusu ya waliochanika ligamenti ya msalaba ya mbele (ACL), kamba inayoshikanisha mifupa ndani ya goti, huonesha dalili za kusagika ndani ya miaka 10 hadi 20, yaani wakiwa bado na watoto wa kusomesha. Mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+ huchukua dakika 20, hayahitaji kifaa zaidi ya mpira, na yamepunguza majeraha kwenye timu zilizoyafanya kila mara. Kocha anayeyaruka ili muanze mechi haraka, mkumbusheni.

Na shangazi? Alichagua mazoezi ya kiti, kwa shingo upande, na akaacha sukari kwenye chai. Choo cha kukaa kilijengwa mwezi wa pili. Sajda hajairudia chini bado, ila kile kiti amekihamishia sebuleni, na kila tangazo la biashara likianza kwenye televisheni anasimama na kukaa mara 10, akihesabu kwa sauti.